Nanasi Karaini: Safari Yangu ya Kwanza Puerto Rico

Magurudumu ya ndege yalipogusa ardhi San Juan, abiria wakapiga makofi. Ndege nzima: wazee, watoto, hata kijana mmoja aliyekuwa amelala fofofo tangu Newark. Wifi yangu, aliyekaa dirishani, alipiga kuliko wote, kisha akaitazama mikono yangu iliyotulia mapajani. Nami nikapiga. Akaniambia ndiyo desturi ya Wapuerto Rico kila watuapo kisiwani, na hata aliyezaliwa New Jersey, kama yeye, hujihesabu amerudi kwao.

Mume wake ni mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo kwangu ni kaka. Nilikwenda Marekani kuwasalimu, lakini kichwani nilikuwa na jambo langu la kazi. Nina mgahawa mdogo Bagamoyo. Tunauza wali wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo na maharage, pombe hatuuzi. Basi haupiti msimu wa watalii bila mtu kuketi, kuitazama minazi ya nje, kuyatazama mananasi ya Kiwangwa yaliyopangwa mlangoni, na kuagiza piña colada: ramu, maji ya nanasi na tui zito lenye sukari, vyote vikasagwa pamoja na barafu. Nilichoka kujibu kwamba hatuna. Nikawaza, ikiwa kinywaji chenyewe siwezi kukiuza, kwa nini nisiihamishie ladha yake kwenye nanasi la kukaanga, likaliwa moto baada ya chakula? Nilipomweleza wifi, alicheka sana. "Utakaangaje kitu ambacho hujakionja? Twende kwetu kwanza."

Visa nyingine sikuhitaji. Puerto Rico iko chini ya Marekani tangu 1898, ilipochukuliwa kutoka mikononi mwa Wahispania, na ndege ya Newark kwenda San Juan, mwendo wa saa nne hivi, ni safari ya ndani. Pale uwanjani hapakuwa na foleni ya uhamiaji wala mhuri. Tulitoka moja kwa moja hadi kwenye joto ninalolijua, la unyevu na chumvi, tukakodi gari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mjini. San Juan nayo ina mji mkongwe wake, wenye vichochoro vilivyotandazwa matofali ya rangi ya samawati, nyumba zenye roshani za mbao, na ngome ya El Morro iliyoanza kujengwa 1539 ikiitazama bahari. Katika mji huo na jirani yake kuna ugomvi mmoja ambao wenyeji wanaufurahia. Hoteli ya Caribe Hilton, iliyofunguliwa 1949 pembeni mwa bahari, inasema piña colada ilizaliwa kwenye kaunta yake mwaka 1954, mikononi mwa mhudumu wa baa Ramón Marrero, aliyejulikana kwa jina la Monchito. Mkahawa wa Barrachina, ulioko Mtaa wa Fortaleza katikati ya mji mkongwe, umebandika kibao ukutani kudai kwamba aliyekibuni ni Ramón Portas Mingot, na kwamba alikibunia humo humo, mwaka 1963. Serikali haikutaka kuamua kesi. Mwaka 1978 ilikitangaza kuwa kinywaji cha taifa, mambo yakaishia hapo.

Kuna Ramón wa tatu ambaye hana kibao, na mimi kama mpishi ndiye niliyevutiwa naye zaidi. Ramón López Irizarry alikuwa mtaalamu wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Puerto Rico. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipata njia ya kutoa mafuta kwenye nyama ya nazi kwa mashine, akachanganya na sukari ya miwa, akapata tui zito linaloweza kukaa ndani ya kopo bila kuharibika. Akaliita Coco López. Kabla yake, mwenye baa aliyetaka tui alihitaji mtu wa kukuna, kukamua na kuchuja, na barafu haimsubiri mtu huyo. Baada yake ilitosha kuwa na kifungua kopo. Ndiyo maana hao wawili wanaogombana wote wanataja miaka iliyofuata ugunduzi huo: bila kopo lile, wasingekuwa na cha kugombania.

Tuliketi Barrachina, wifi akaagiza ya ramu, mimi nikaagiza isiyo na ramu. Ilikuja baridi hadi meno yakaniuma, nzito, na utamu wa sukari ulitangulia mbele ya kila kitu. Nazi ilifuata, nayo ilifunika mdomo mzima kwa mafuta yake. Nanasi lilijitokeza mwisho kabisa, uchachu mdogo kwenye kingo za ulimi. Nikamwuliza wifi ya kwake ikoje. Akasema ramu inaleta ukali unaokata ule utamu, vinginevyo ingekuwa maziwa ya mtoto. Niliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Maana yake ni kwamba mimi nisiyetumia kilevi nilihitaji kitu kingine cha kukata utamu, na jikoni kwetu kazi hiyo hufanywa na ndimu na chumvi.

Kesho yake tukaenda kwa mama yake wifi, Loíza, mashariki ya San Juan. Barabara namba 187 inaiacha Isla Verde na hoteli zake, inavuka mdomo wa wangwa, na ghafla uko Piñones: minazi, mchanga, na safu ya vibanda vinavyokaanga. Moshi wa kuni unaingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wifi akasimamisha gari bila kuniuliza.

Nitaeleza kidogo nilichokiona pale, kwa sababu ndipo mawazo yangu yote kuhusu nanasi yalipobadilika. Mwanamke mmoja alisimama nyuma ya sufuria nene ya alumini iliyojaa mafuta. Pembeni yake bakuli la unga mbichi wa magimbi na ndizi mbichi zilizoparuzwa, zikatiwa rangi ya mafuta ya mrangi. Alichukua jani la mti wa ufukweni, la duara, gumu, pana kama kiganja, akalipaka mafuta, akatandaza kinyunya juu yake, akaweka kijiko cha nyama ya kaa katikati, akalikunja jani ili kinyunya kifunike nyama, kisha akaliinamisha juu ya mafuta na kile kitu kikateleza chenyewe hadi ndani, bila kurusha hata tone. Hiyo ni alcapurria. Kando yake kulikuwa na bacalaíto, chapati nyembamba ya unga na samaki wa chumvi, jamii ya ng'onda wetu, pana kuliko sahani na yenye kingo zinazovunjika. Na ndizi mbivu za kukaanga, ambazo hazikuhitaji maelezo.

Mkahawani walikuwa wamenionyesha kinywaji. Kibanda kilinionyesha kwamba watu wa pwani hii wanajua kukaanga kitu chenye maji mengi, na kwamba kitafunio changu kilipaswa kuanzia hapa. Nilikuwa nimetoka nyumbani na fikra ya kugeuza kinywaji kuwa chakula. Kumbe chakula kilikuwapo tayari, kilichokosekana ni nanasi tu.

Loíza ni mji wa watu weusi, wazao wa Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa. Utumwa ulifutwa Puerto Rico tarehe 22 Machi 1873. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mtu wa Bagamoyo hawezi kuisikia tarehe hiyo akaipita tu. Misafara ya watumwa iliishia kwetu. Sebuleni kwa mama ilining'inia barakoa ya vejigante, yenye pembe na meno, ya aina inayovaliwa katika sikukuu ya Mtakatifu Santiago mwezi Julai. Miji mingine ya kisiwa huzitengeneza kwa karatasi. Loíza huzichonga kwa kumbi la nazi.

Mama alinipokea kwa busu la shavuni, akaniita "nena" tangu dakika ya kwanza, nami nikamwita mama. Aliwahi kukaanga Piñones kwa miaka mingi kabla magoti hayajamkataza kusimama. Wifi alitafsiri, lakini tulipofika kwenye nazi hatukumhitaji. Mama alichukua nazi kavu, akaigonga kwa mgongo wa panga mara tatu huku akiizungusha kiganjani, ikapasuka katikati, maji yakaingia kwenye kikombe. Hana mbuzi ya kukalia. Aliibandua nyama kwa kisu na kuiparuza kwenye bati lenye matundu. Akatia maji ya moto kidogo, akaiacha ipumue, akaimimina kwenye kitambaa cheupe, akakisokota. Tui la kwanza likatoka, zito, akalitenga. Akaongeza maji, akakamua tena, akapata la pili. Machicha akayaweka kando kwa ajili ya kuku. Nilipomwonyesha kwa mikono jinsi tunavyokaa juu ya mbuzi kwetu, alitaka nirudie, kisha akamwita jirani aje aone.

Nazi yenyewe ina habari ya kusimulia. Wakati Columbus anafika visiwa hivi, pwani za Atlantiki hazikuwa na minazi. Kumbukumbu za Puerto Rico zinamtaja padri Diego Lorenzo, aliyeileta mwaka 1549 kutoka visiwa vya Cape Verde, na huko Cape Verde ilikuwa imepelekwa na Wareno walioitoa upande wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2011 watafiti Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 ya dunia nzima. Walikuta jamii kuu mbili, ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, na minazi ya Atlantiki ikaonekana kuwa kizazi cha hii ya pili. Nanasi lilipita njia hiyo hiyo kinyume chake. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu wa Columbus walilikuta kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na meli za Wareno zikalisambaza hadi Afrika na India. Kwa hiyo katika glasi ile ya Barrachina, nazi ndiyo iliyokuwa mgeni kutoka upande wetu, na nanasi ninalolipanga mlangoni kwangu nikiliita la Kiwangwa ndilo mgeni kutoka upande wao. Nilimweleza mama haya kupitia kwa wifi. Akasema basi hakuna haja ya kugombana nani mwenyeji, tukate nanasi.

Nanasi lilikuwa la Lajas, kusini-magharibi ya kisiwa, wilaya inayosifika kwa mananasi. Lilikuwa kubwa, aina waiitayo cabezona, lenye uchachu kuliko yetu, na hilo lilikuwa na faida: tunda lisilo tamu kupindukia huvumilia mafuta, lenye sukari nyingi huungua nje kabla ya kupata moto ndani. Tulilimenya, tukatoa macho, tukakata miduara unene wa kidole na kuondoa moyo.

Hapo ndipo mama alipotoa somo. Nanasi ni maji kwa sehemu kubwa, na maji ndiyo adui wa karai. Ukichovya nanasi bichi kwenye rojo moja kwa moja, maji yake yanalegeza rojo kutoka ndani, koti linavuka na kuelea peke yake, na mafuta yanaruka hadi usoni. Alitandaza miduara juu ya kitambaa, akanyunyiza chumvi kidogo, akaiacha. Baada ya robo saa kitambaa kililowa. Akaifuta kila mmoja pande zote mbili, akaigaragaza kwenye unga mkavu, akaikung'uta. Ule unga ndio gundi. Bila huo rojo halina pa kushika.

Rojo tulibishana kidogo. Mimi nilitaka kutia sukari na tui zito, ili nazi isikike. Mama alikataa vyote viwili: sukari inageuka nyeusi haraka kwenye mafuta, na tui zito ni mafuta yanayokwenda kukutana na mafuta, litaleta koti laini lililonywea. Tukakubaliana. Kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa mchele kwa ajili ya ukavu, kijiko cha chai cha bekingi pauda, chumvi, na tui la pili lililopozwa barafuni, kiasi cha kulifanya rojo lifunike mgongo wa kijiko bila kudondoka kwa haraka. Nikaongeza maganda ya ndimu yaliyoparuzwa. Ili nazi isikike, tuliikaanga kavu nazi iliyokunwa hadi ikapata rangi ya dhahabu, tukaiweka ikisubiri mwishoni.

Katika bakuli la pili, la familia yake, mama alitia vijiko viwili vya ramu, nayo ina sababu ya kiufundi mbali na ladha. Kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78, mapema kuliko maji, kwa hiyo hutoroka upesi na kuliacha koti likiwa kavu na lenye vishimo vidogo. Alikitia mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake hushika moto. Mimi kwenye bakuli langu nilitia maji ya soda baridi, ambayo gesi yake hufanya kazi inayokaribia hiyo.

Mafuta tuliyapima kwa kijiti cha mbao: kikichovywa na kuzungukwa na mapovu madogo yanayopanda kwa haraka, tayari, kama nyuzijoto 180. Vipande vitatu kwa wakati, si zaidi, maana kila kipande cha baridi huyashusha mafuta. Katikati ya kazi umeme ukakatika mtaa mzima. Hakuna aliyesema neno. Tangu kimbunga Maria cha Septemba 2017, kilichokiacha kisiwa kizima gizani, watu wamezoea. Jirani alileta taa ya betri akaitundika kwenye msumari uliokuwa ukiisubiri, na jiko la gesi likaendelea kunguruma.

Mchuzi wa kumiminia nilipewa mimi. Nilichemsha maji ya nanasi hadi yakapungua nusu, nikatia tui la kwanza na sukari kidogo, nikapunguza moto ili tui lisikatike, nikakoroga kuelekea upande mmoja kama nilivyofundishwa na bibi. Mwisho ndimu na chembe ya chumvi. Mama akaonja, akaongeza mdalasini, kwa sababu kwake tui la sukari bila mdalasini halijakamilika. Ndivyo linavyotiwa kwenye tembleque, faluda yao ya nazi, na kwenye wali wao wa sukari wa Krismasi.

Vilipoopolewa, tulivipanga juu ya waya, si juu ya karatasi, ili mvuke utoke chini. Mchuzi kidogo, nazi ya kukaanga juu, vikaliwa vikiwa moto. Koti lilivunjika kwa sauti, kisha nanasi likatoa maji yake yote kwa pamoja, machachu, bila ule mwasho wa ulimi unaoletwa na nanasi bichi, kwa kuwa joto huua kimeng'enya kinachousababisha. Nazi ilikuja baadaye, na chumvi ikaja kukata utamu mahali ambapo ramu ingekata. Yaani mpangilio ulikuwa umepinduka: kwenye glasi sukari hutangulia na nanasi hufuata mkia, kwenye sahani nanasi ndilo lililoshika usukani. Nilionja nikaridhika kwamba si kinywaji kilichokaangwa. Ni chakula cha kibandani kilichoazima majirani wawili kutoka kwenye glasi.

Wajukuu walimaliza bakuli langu kwanza, la ramu walikatazwa. Jirani wa taa alikula vipande vinne akiwa amesimama, kisha akasema, wifi akatafsiri huku akicheka, kwamba ni kizuri lakini Piñones kingeuzwa kwa kijiti, maana mtu wa ufukweni hana mkono wa kushika sahani. Wazo hilo nimelichukua bila kulipa.

Siku ya kuondoka, kabla ya kuifikia kaunta ya ndege, mizigo ilipitishwa kwenye mashine ya Idara ya Kilimo ya Marekani, inayotafuta matunda na mimea ili wadudu wa kisiwa wasivuke hadi bara. Sikubeba tunda. Nilibeba bati la kuparuzia nazi, ambalo mama alinipa baada ya kusikia kwamba wateja wangu wa mjini hawataki kukalia mbuzi.

Sasa Bagamoyo nanasi la kukaanga tunalitoa jioni tu, kwenye kijiti, kwa kuwa nazi hukunwa alasiri na rojo halilali. Mama amesikia, na ametuma ujumbe kwa wifi kwamba atakuja mwisho wa mwaka, mananasi ya Kiwangwa yakiwa yamerundikwa barabarani. Ana sharti moja: siku hiyo jiko ni lake, naye atakaanga alcapurria. Magimbi yapo, ndizi mbichi zipo, kaa tutaagiza kwa wavuvi. Jani la kukunjia nimeshalijaribu, nalo ni la mkungu wa ufukweni: likipakwa mafuta, kinyunya kinateleza bila shida.